Nilimwambia Arudie

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na sisi tumeanza leo. Nimenunua daftari hili kwa sababu kila filamu huwa nasahau nilivyofikiri mwanzoni, halafu nikifika mwisho najidai nilijua tangu siku ya kwanza. Safari hii nataka ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Wanajiita Wenye Kwao. Watu waliohamia hapa kutoka ng'ambo ya mpaka, wao huwaita "wapitanjia", hata kama mtu amepita na kukaa miaka thelathini. Televisheni imenipa msimu mmoja wa mvua niwafuate, nionyeshe wanavyoishi na wanavyofikiri. Ofisi ya tawi lao iko juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ngazi zinanuka kutu na moshi. Nilijiandaa kukutana na watu wa kupiga meza. Badala yake wamejadili bati linalovuja saa nzima, wakapiga kura, kura zikalingana, wakahamisha ndoo.

Kiongozi wao wanamwita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka ishirini na sita, na anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alisoma fomu yangu ya ridhaa mstari kwa mstari, akasahihisha kosa la herufi, akatia saini. Wote wametia saini, watu arobaini na mmoja. Mpigapicha wangu alikusanya fomu, akaziweka kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Hakusema neno mchana kutwa, lakini huyo hata siku njema maneno yake ni ya kupimiwa.

Alhamisi, 5 Machi

Leo tulikuwa kwa Fundi, katibu wa tawi, mama wa miaka hamsini na kitu. Ndiye anayeshona vizibao vyao vya rangi ya chungwa. Chumba kimoja, cherehani dirishani, vipande vya kitambaa hadi chini ya kitanda. Kabla hatujawasha kamera akaniambia nisimame anipime.

"Mimi sivai kizibao, mama."

"Nani kasema kizibao? Blauzi hiyo imekukaa kama ya kuazima. Vua."

Amenipunguzia mabega huku akimjazia Mpigapicha chai. Nilipomuuliza habari ya wapitanjia, hakuinua macho kwenye pindo. "Mimi siwachukii, mwanangu. Nataka tu kila mtu awe kwao. Kama vyombo kabatini."

Sijui kama kurekebishiwa blauzi na mtu unayemrekodi ni rushwa. Nimerudi nayo mwilini. Inanipendeza.

Jumapili, 8 Machi

Dada amekuja kula. Ni muuguzi, kwake kitu ama kimefungwa bendeji ama hakijafungwa.

"Unawapa jukwaa," akasema.

"Ninawaonyesha."

"Tofauti yake nini?"

Nikamwambia tofauti iko kwenye uhariri. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Tumerekodi mtaro. Basi.

Jumanne, 17 Machi

Fundi alitaka kitambaa zaidi, nikamwomba tumfuate dukani. Sikujua tunakwenda kwa nani. Duka liko mtaa wa vitambaa, la tatu kutoka kona, majora yamepangwa hadi darini, na mwenyewe ni mzee mwembamba anayetembea na penseli sikioni. Ni mtu wa ng'ambo ya mpaka. Fundi ananunua kwake miaka kumi na minane.

"Rangi ya chungwa imekwisha," mzee akamwambia. "Wenzako mmeimaliza. Niagize nyingine?"

"Agiza," Fundi akasema. "Na uzi."

Wakaulizana habari za magoti. Nilipomkuta mzee peke yake nikamuuliza kama anajua vizibao vile ni vya nini. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anajua mvua ni maji. "Nisipowauzia mimi, si watajua ninaogopa?"

Mpigapicha alibaki mlangoni, akarekodi kutoka nje. Garini nikamuuliza kulikoni. Akasema mama yake ni mpitanjia. Alilitumia neno lilelile.

Miaka tisa tumefanya kazi pamoja. Nimelala ndani ya gari moja na mtu huyu wakati wa mafuriko, na sikuwahi kumuuliza mama yake ni wa wapi. Nikamwambia anaweza kujitoa, nitatafuta mwingine.

"Utampata wapi anayejua kunyamaza kama mimi?"

Jumamosi, 28 Machi

Mahojiano marefu na Mwalimu. Anasema mambo ya kutisha kwa sauti ya kufundisha kugawanya. Kwamba mtaa ni mlinganyo, ukiongeza upande mmoja lazima utoe. Nilikuwa na maswali ya kumbana, nikayauliza, akayajibu yote bila jasho. Tulipomaliza alimshika mkono jirani yake kipofu, akamvusha barabara iliyojaa maji huku amemfunika kwa mwavuli wake, yeye akilowa. Hakujua kamera ilikuwa bado inafanya kazi. Au alijua. Nimeitazama picha hiyo mara sita na sijaamua.

Wakati wa kuagana akasema Jumamosi ijayo watafanya matembezi. "Mtakuwepo?"

Nikasema tutakuwepo.

Ijumaa, 3 Aprili

Mpigapicha ana homa, hawezi kusimama. Nimempigia Mwalimu kumwambia kesho hatutafika.

"Pole yake. Basi tutaahirisha mpaka Jumamosi inayofuata."

Nikamshukuru. Naandika hili ili nisije kulisahau: nilimshukuru, na nilijisikia mtu wa maana.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefua, nimeanika ndani. Katikati ya kuanika swali likanijia: watu arobaini na mmoja wanaahirishaje jambo lao kwa sababu ya mtu mmoja mwenye homa?

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekwenda kwa Fundi bila kamera.

"Matembezi yanakwenda wapi, mama?"

"Mtaa wa vitambaa. Kumsomea notisi."

Hakumtaja mzee wa duka, wala mimi sikumtaja.

"Na akikataa?"

Akakata uzi kwa meno. "Ndiyo maana tunataka muwepo. Mtu asije akasema tulifanya fujo. Mbele ya kamera watu hukaa sawa, wewe si ndiye ulituambia?"

Kweli nilisema hivyo, wiki ya kwanza, nilipokuwa natafuta ridhaa yao.

Jumatano, 8 Aprili

Nimempigia bosi wa televisheni. Akasema mimi si polisi wala si mpatanishi, kazi yangu ni kurekodi kinachotokea. Nikamuuliza, je, kama kinatokea kwa sababu ninarekodi? Akasema hilo ni swali zuri, tuliweke kwenye filamu.

Nimepiga simu kituo cha polisi. Matembezi yana kibali.

Dada: "Kamwambie yule mzee. Mbona unazunguka?"

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemwambia. Alikuwa anapima pazia la mteja, akamaliza kwanza, akakata, akakunja.

"Wanakuja lini?"

"Keshokutwa, saa tisa."

"Nimehama mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza nilibebwa mgongoni, mara ya pili nilibeba. Sasa sina mgongo wa tatu." Akarudisha penseli sikioni. "Nawe utakuwepo?"

Nikasema ndiyo.

"Afadhali," akasema. "Mbele ya kamera watu huona haya."

Wote wawili wamenitegemea kwa maneno yaleyale. Mmoja wao anakosea, na sijui ni nani.

Ijumaa, 10 Aprili

Mpigapicha amepona, amekonda. Nikamuuliza ingekuwaje tusipokwenda.

"Watakwenda na simu zao."

"Na tukienda?"

"Watakwenda na sisi."

Tukachaji betri.

Jumamosi, 11 Aprili

Niko kwenye benchi la hospitali anakofanya kazi Dada. Ni saa kumi na mbili jioni. Naandika sasa kabla sijaanza kujitungia.

Walifika saa tisa kamili, kama arobaini hivi, vizibao vimelowa vikageuka rangi ya matofali. Walitembea vizuri. Mtu mmoja alikanyaga ndizi za mchuuzi akaomba radhi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mikono nyuma. Mwalimu akatoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, Fundi akamshikia mwavuli, akaanza kusoma. Kwamba mtaa umevumilia vya kutosha. Kwamba anapewa siku kumi na nne. Alipofika hapo, lori lililozibiwa njia kwenye kona likapiga honi, likaishikilia, sijapata kusikia honi ndefu kama ile. Kwenye vipokea sauti vyangu hakukuwa na kitu ila honi.

Watu wakacheka. Wengine walishaanza kugeuka, maana mvua ilizidi. Mwalimu akakunja karatasi yake. Halafu akanitazama mimi.

"Imeingia?"

Nikatikisa kichwa. "Honi imeharibu. Rudia."

Nilisema kama nilivyokwisha kuwaambia maharusi, na mawaziri, na mtoto aliyekuwa anakata utepe. Rudia. Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa nafikiria sauti.

Mwalimu akapanda kizingiti ili aonekane vizuri zaidi, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya. Waliokuwa wameondoka wakarudi. Mara hii kulikuwa kimya, kila mtu alishajua yuko ndani ya filamu, mabega yamenyooka. Akasoma upya, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, na alipofika kwenye siku kumi na nne mtu wa nyuma akasema, "Kwa nini kumi na nne? Kwa nini si leo?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Nilimwona Mwalimu akiiangalia karatasi kana kwamba huenda limo. Kisha kioo cha mbele kikavunjika.

Sijui nani alianza. Tuna picha na bado sijui. Mzee alitanua mikono mlangoni, wakampita, akaanguka juu ya majora, mtu akachukua chuma cha kupimia kitambaa pale kaunta akampiga nacho mkononi, mara mbili au tatu. Mwalimu alikuwa anasema "taratibu, jamani, taratibu" kama mtu aliyeachiwa darasa lisilo lake. Majora yalitolewa yakitandazwa kwenye matope, meta kwa meta, mekundu, ya kijani, ya maua.

Mpigapicha akaweka kamera chini, juu ya tofali, bila kuizima. Akaingia ndani. Akamlalia mzee juu kama kifuniko, na nikamsikia kwa vipokea sauti akiongea naye kwa lugha ambayo sijawahi kumsikia akiitamka. Mzee akamjibu kwa lugha hiyohiyo. Wote waliokuwa karibu walisikia. Fundi alikuwa hatua tatu kutoka pale, na jora kwapani, amesimama kama aliyepigiwa filimbi.

Hapa ndipo sijielewi. Sikuingia. Niliinama, nikachukua kamera, nikaitazama kama picha imekaa sawa, nikawafuata wanavyotoka. Nilimrekodi mtu niliyefanya naye kazi miaka tisa akiwa amembeba mzee anayevuja damu, akimsemesha kwa lugha ya mama yake. Nimeirudia kuitazama hapa kwenye benchi. Picha imetulia kabisa. Mkono haukunitetemeka, na natamani ungetetemeka.

Dada amepita na troli sasa hivi. Amesema mkono umevunjika sehemu mbili, mbavu ziko salama.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua. Sitaki kuandika.

Jumanne, 14 Aprili

Nimekwenda kumwona mzee wodini. Nilitaka ruhusa ya kuonyesha sura yake. Nilikuwa na fomu kwenye mkoba.

"Wale wote walitia saini?" akaniuliza.

"Wote."

"Mimi sikuletewa. Nimelala hapa nikijiuliza kwa nini. Nimeona labda ni kwa sababu wao ndio ulikuwa unawaogopa."

Akaomba maji, nikamshikia kikombe.

"Unajua," akasema, "mara ya kwanza nilidhani yamekwisha. Wamesoma, wamecheka, wanaondoka. Nilishaanza kurudisha mlango. Sijui kilimwingia nini yule bwana akasoma tena."

Nikaweka kikombe mezani. Sikumwambia. Fomu nimerudi nayo.

Ijumaa, 17 Aprili

Fundi amekuja chumba cha kuhariri, peke yake, bila kizibao. Alitaka kujiona. Ni haki yake, ipo kwenye fomu. Nikamwonyesha.

Alipojiona na jora kwapani akasema haraka, "Nilikuwa naokoa kitambaa. Kingelowa. Kiko nyumbani, nimekifunika. Sijui tu nitakirudishaje." Nilimwamini. Baadaye nikarudisha picha nyuma, nikaona kwamba lilikuwa jora la rangi ya chungwa, na sijui tena ninaamini nini.

Kisha ikaja sauti ya Mpigapicha. Akaisikiliza hadi mwisho.

"Amekunywa chai yangu mwezi mzima," akasema. "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia ungemfanya nini?"

Alifikiri kweli, si kwa kujifanya. "Sijui, mwanangu. Pengine ningemwongezea sukari. Pengine nisingempa kabisa." Alikuwa na machozi. Alikuwa ameumizwa yeye. Nilimpa kitambaa cha mkono, nikajichukia, na sikujua kama ninajichukia kwa kumpa au kwa kusita.

Jumatatu, 20 Aprili

Bosi ameona picha. Amesema ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Anataka notisi ya pili, ile ya kizingitini, na anataka Mpigapicha anavyotoka na mzee. "Sauti yako inayosema rudia tutaiondoa. Ni jambo la kawaida."

Ni kweli. Nimeiondoa sauti yangu kwenye filamu zote nilizopata kutengeneza.

Jumamosi, 25 Aprili

Mtu wa tawi alirekodi kwa simu, video imesambaa. Jana walimwandikia Mpigapicha "mpitanjia" ukutani. Leo anahama, nimekwenda kusaidia. Nilimkuta anafungua kitanda cha mama yake kwa bisibisi.

Nikamwambia polisi wanataka picha zote, na kwamba naweza kukata sehemu yake.

"Ukikata hapo, wakili wao atasema umekata na kwingine. Toa zote."

"Na kwenye filamu?"

"Kwenye filamu, hapana." Akaendelea na skrubu. "Uliponichukua picha pale nilikuona. Nilijua tu utaichukua. Ningekuwa wewe, labda ningeichukua. Lakini hapana."

Nikasema sawa. Bosi atanisikia kesho, na huenda filamu isiwepo kabisa.

Mama yake ni mfupi, mwenye haraka. "Wewe ndiye bosi wake?"

"Tunafanya kazi pamoja, mama."

"Basi shika upande huo wa kitanda." Tulipofika nje akanisogelea ili mwanawe asisikie. "Wanasema aliongea lugha yetu mbele za watu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Aliiongea vizuri? Maana nyumbani hanijibu nayo hata siku moja."

Nikamwambia mimi sikuelewa neno, lakini yule mzee alielewa yote. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga masufuria kwa kamba.

Jumatano, 6 Mei

Mvua imepungua siku ya tatu sasa. Polisi wameniita kuandikisha maelezo. Mwalimu yuko ndani, na wengine wanne. Kila mmoja wao, afisa ameniambia, anadai watu walikuwa wanaondoka kwa amani.

Afisa ni mtu mwenye mafua, mwenye mwandiko mzuri. Amewasha picha kwenye kompyuta yao, tumeitazama wote wawili tangu wanakunja kona. Mwalimu akasoma, honi ikapiga, watu wakacheka. Kisha akaisimamisha.

"Hapa kuna sauti ya mwanamke inasema 'rudia'. Huyu ni nani?"

Mtu angeweza kusema ni Fundi, alikuwa palepale na mwavuli. Naandika kwamba hilo lilinipitia kichwani, lilikaa kiasi cha pumzi moja.

"Ni mimi."

Akaandika. "Kwa nini ulisema hivyo?"

"Honi ilikuwa imeharibu sauti."

Akaniangalia kuona kama namfanyia mzaha. Alipoona simfanyii, akaweka kalamu chini, akafunga kifuniko chake. "Dada, hujashtakiwa kwa lolote. Umekuja hapa kama shahidi. Nikiandika hili, mawakili watalisoma mahakamani, na yule mzee atakuwa amekaa hapohapo. Kweli unataka niandike?"

Nikamwambia aandike na yaliyotangulia: kwamba wiki moja kabla waliahirisha kunisubiri, na nilishukuru. Akafungua kalamu. Akauliza kama "nilishukuru" ibaki au aiondoe, maana haina uzito kisheria.

"Iache," nikasema.